Viatu Mbele ya Hekalu la Wahindi

Sisi tuliokuwa wadogo kule Beni wakati wa vita, hatuna lazima ya kuelezana namna gani tulikuwa tunalala na viatu. Mama alikuwa anafunga kamba zangu, halafu za Yaya Masika, dada yangu mukubwa tuliyelala naye kitanda kimoja, juu masasi ya bunduki ikilia, hakuna kutafuta kiatu mu giza. Batoto ya leo, hapa kwetu Bulengera tulikorudi baadaye, wanaacha sandali popote, asubuhi wanalia ati imepotea. Ninawacheka, tena ninawaonea wivu.

Papa alikuwa mugonjwa, hawezi safari. Mama akabaki naye, sisi akatupatia Tantine, shangazi yetu, mudogo wa Papa, atufikishe Nairobi. Tulipita mupaka wa Kasindi mu lori mpaka Kampala. Njia yote Yaya alikuwa anaomba arudie Mama, na Tantine anakataa, mara kwa upole, mara kwa ukali.

Treni ya Nairobi ilikuwa ya mangaribi. Muchana hatukuwa na fasi ya kukaa, basi Tantine akatupeleka kuona hekalu la Wahindi, nyumba nyeupe, mawe yake yamechongwa kama kitambaa cha kusuka. Ubani ulinukia mpaka barabarani. Mimi nilizani ubani ni ya Wakatoliki tu. Pa mulango viatu vya batu vilijaa, bila mulinzi. Muzee mumoja akatuonyesha kwa mukono tuvue. Tukaangaliana. Kwetu kiatu ukikiacha inje, umekigawa.

"Tantine, muingie," Yaya akasema. "Mimi nitabakia kulinda biatu."

"Usitoke hapo."

"Niende wapi, Tantine?"

Ndani, sementi ilikuwa baridi, laini. Kengele zililia. Tantine alikuwa na rozari mu mufuko, niliona vidole vyake vinatembea. Mama mumoja wa Kihindi akanipa kitu cha sukari. Nikamuangalia Tantine kama si zambi, akasema nikule, Mungu anajua tunatoka wapi. Nilifurahi sana, sitaficha.

Tulipotoka, viatu vyetu vilikuwa vimepangwa, ncha zinatazama njia, kamba zimelegezwa. Yaya hakukuwako. Muuza karanga akatuonyesha upande wa parking ya mabus. Tulikimbia. Kule wakasema bus ya mupaka imekwisha kwenda, ndani muko binti mumoja aliyemusihi shofere, ati mama yake anamungoja.

Tantine akasimama pale, akashika mukono wangu sana.

"Nikikupoteza na weye, nitamuambia mama yako nini?"

Tukapanda treni.

Papa alipokufa, Mama akatufuata Nairobi. Akanikumbatia, akaangalia nyuma yangu.

"Na Masika?"

Mpaka leo hakuna mutu aliyemuona. Wakati ule tulikuwa na woga, lakini tulikuwa wawili. Siku hizi kumetulia kidogo, na kitanda ni yangu peke yangu.