Mama Iko Bengamisa

Jumamosi moja, wakati wa uasi, nilitaka kujua jambo moja tu: mama yangu yuko hai au amekufa. Mimi nilikuwa Kampala, yeye kwetu Kisangani, Kongo, na majeshi mawili ya kigeni yalikuwa yametoka kurushiana mabomu juu ya mapaa yetu. Lakini msinikimbize. Lazima kwanza niwaeleze foni, maana hata wenzangu darasani niliwaeleza mpaka nikachoka.

Papa, baba yangu, ni fundi wa kushona katika komuni ya Kisangani, kata moja ya mji. Uasi ulipokata njia ya Kinshasa, vitambaa vikaanza kuja kwa ndege kutoka Kampala, na wenye vitambaa wakaja na Kiingereza chao. Papa akaapa kwamba nyumba yake haitakosa mtu wa kukisema. Basi nikapandishwa ndege ya mizigo, nikakalia magunia ya kahawa, nikapelekwa shule ya Kiingereza.

Kushoto kwangu alikaa msichana wa Kisomali, kulia mchungaji wa Kikorea mwenye mvi, mbele Msudani mmoja mrefu aliyetuzibia ubao. Udaku wangu haukuwa na haya. Nilimuuliza mchungaji kwa nini anamwinamia mwalimu aliye mdogo kuliko mwanawe. Naye akaniuliza kwa nini mimi na Msomali tunakula sahani moja wakati sahani zipo nyingi. Msudani alimuuliza kila mtu kwao watoto wanazaliwa wapi, nyumbani au hospitali, na akaandika majibu yote daftarini. Sijui mpaka leo alikuwa anayafanyia nini.

Siku ya somo la simu, mwalimu aliweka viti viwili vikipeana mgongo, akanikalisha mimi na Msomali, kila mmoja na simu yake mbovu mkononi. Nikasema maneno yangu yote kwa mkupuo mmoja, nikamalizia na “à vous”, nikanyamaza. Naye akasema yake yote, akamalizia na neno la kwao, akanyamaza. Darasa likaangua kicheko. Mwalimu akauliza mbona hamkatizani kama watu wengine? Nikamgeukia mwenzangu: “Kwenu pia kuna foni?” Kumbe ipo! Nusura tukumbatiane.

Kisangani siku zile haikuwa na simu ya maana. Foni ilikuwa redio ya upepo ndani ya chumba kidogo, waya mrefu juu ya paa, mabenchi pembeni. Unabonyeza kitufe, unasema, unamaliza na “à vous”, yaani zamu yako, unaachia, ndipo mwenzako asikike. Na mabenchi yote yanasikia. Harusi yako, kuhara kwako, ugomvi wako na wifi, vyote ni vya watu wote. Walikuwepo waliokuja bila kuwa na mtu wa kumwita, eti wanapumzisha miguu.

Wiki iliyofuata mwalimu akatufundisha kutoa habari ya kifo kwa simu. Sema moja kwa moja, alisema, kwa upole. Nikawaka. Mimi hasira zangu ziko karibu. Nikamwambia kwetu kifo hakisemwi kwenye foni. Mtu yuko mbali, kati ya wageni, akianguka nani atamshika? Tunamwambia fulani amesafiri. Akifika nyumbani, akakaa, akapewa maji, hapo ndipo anaambiwa. Msomali akasema kwao ni vilevile. Mchungaji akavua miwani, akasema yeye aliambiwa baba yake ana mafua mpaka alipomaliza mtihani, na baba alikuwa ameshazikwa. Mwalimu hakuendelea na somo lile.

Kisha mapigano yakaanza na foni ya Kisangani ikakatika. Jumamosi mbili nilikwenda kwenye chumba cha foni cha Kampala nikarudi bure. Ya tatu, wenzangu watatu wakanifuata. Niliwafokea kwamba siendi kwenye maonyesho. Wakaja tu.

Mwenye foni akaita, “Kisangani, Kisangani,” mpaka sauti ikamkauka. Mkwaruzo, halafu mtu, halafu papa, kumbe alikuwa akingoja kwenye mabenchi ya kule.

“Tuko wazima, Alhamdulillah. Nyumba iko. Mama yako iko Bengamisa, alienda na shangazi yako. À vous.”

Bengamisa ni mji mdogo mbali na Kisangani, na mama hakuwa na ndugu huko. Mama hakuwahi kulala nje ya Kisangani hata siku moja! Amesafiri, basi. Niliwatafsiria wenzangu. Msomali akanishika mkono, na mchungaji akainamisha kichwa.

Nikabonyeza kitufe kama ninataka kukivunja. “Papa, mimi si mutoto! Iko Bengamisa ao amekufa? À vous!”

Mabenchi yote yakanigeukia.

“Wallahi iko muzima! Walitembea kwa miguu na watu wa mtaa, mimi nikabaki kulinda mashini. Lakini alijua hutaamini. Amesema nikuambie maneno, mimi sikuyaelewa. Ati ile koti ya kijivu muliizika nyuma ya jikoni. À vous.”

Koti! Miaka mitatu kabla yake niliunguza kwa pasi koti la harusi, kazi ambayo papa aliikeshea kwa ajili ya mteja mkubwa. Mama na mimi tulilifukia kabla papa hajarudi kutoka msikitini, tukamwambia limeibwa kwenye kamba. Papa akamshuku jirani, na tangu siku ile hakumpa salamu. Siri ile tuliijua wawili tu chini ya jua, na mama asingeitoa kwa lolote, ila kunijulisha kwamba anapumua.

Papa akarudi hewani, sauti imebadilika.

“Binti, koti gani hiyo? Jirani iko hapa kwenye benchi, ananiangalia. À vous.”

Nikabonyeza kitufe, machozi yananitiririka mpaka kidevuni. “Ni sisi, Papa! Mimi niliiunguza, mama akachimba. Muombe jirani samahani.” Sijapata kukiri kosa kwa furaha kama siku ile.