Shavu la Bibi wa Kanisani

Jamani, hili nimelificha miaka, na hata leo nikilikumbuka natamani kujifunika mtandio uso mzima. Ilikuwa miaka ya tisini, akina mama wa kwetu Walthamstow, huku ughaibuni, tulikodi basi kwenda kutembea kaskazini mwa nchi, mji wa kale wa viwanda vya sufu uliozama bondeni, nyumba za mawe zimesawijika kwa moshi wa zamani, na siku hiyo ukungu umeshuka mpaka humwoni aliye mbele yako, sauti ni ya mto tu.

Asubuhi tulioneshwa makumbusho yenye sanamu za nta, wafumaji wa enzi hizo waliovaa nguo nyeusi, na mimi (mkono wangu hautulii) nikazigusa moja moja. Mchana wenzetu wakapanda ngazi kwenda kilimani, mimi kwa goti langu nikabaki na shoga yangu Zuhura, tukaona kanisa dogo mlango wazi, nikasema haya ni makumbusho mengine, tuingie.

Ndani baridi, giza giza, watu kama kumi wamekaa, nguo nyeusi tii, hakuna anayetikisika.

"Salma, mbona kama wanapumua?" Zuhura akaninong'oneza.

"Nta hiyo, shoga, Wazungu mafundi." Nikakaa ubavuni mwa bibi mmoja, nikamfinya shavu. "Haya, nipige picha!"

Kamera ilipomulika ndipo nikaliona jeneza. Na lile shavu likageuka.

"Wewe ndiye uliyekuwa ukimuuguza mume wangu hospitalini?" bibi akauliza taratibu, kanishika mkono, vidole barafu.

Ningesema hapana, yangeisha. Lakini kichwa kikaitikia chenyewe. Akaninyanyua, akaniweka kiganja juu ya jeneza, akaniambia niagane naye, na watu wote wakasimama kunisikiliza.

"Alikuwa mpole," nikasema (hata jina lake silijui!).

Mara mlangoni akaingia mwanamke mweusi kama mimi, kavaa sare ya unesi, maua mkononi. Mjane akamtazama yeye, akanitazama mimi.

"Wewe ni nani, basi?"

Zuhura keshakimbia. "Nilidhani wewe ni sanamu," nikasema, machozi yananitoka.

Akasema, "Kaa, mwanangu. Tuko wachache."

Nikakaa mpaka mwisho. Tangu siku hiyo, popote niingiapo mikono naikunja kifuani na salamu naitoa kwanza, na wasiponiitikia, natoka.