Wino wa Zambarau wa Nabii Bentsil

Kwa miaka thelathini na minane Kobina Annobil alikuwa karani wa mahakama, na katika muda huo wote hakupata kuona mjinga wa hatari kuliko mjinga mwenye mhuri. Alipostaafu akarudi kwao Saltpond, Kanisa la Mnara wa Ushindi lilimpa ukatibu, kwa kudhani kwamba mtu aliyekaa sana karibu na mahakimu huwaambukiza wenzake kinga ya kushtakiwa. Aliupokea kwa ajili ya marehemu mkewe, aliyelipenda kanisa hilo kabla halijapata nabii.

Nabii huyo aliitwa Ato Bentsil. Jumapili moja ya Agosti alitangaza, kwa vipaza sauti vinne vilivyoelekezwa sokoni, kwamba tumbo la binti mmoja wa kwaya lilikuwa limefungwa na bibi mchawi auzaye dokono stendi ya magari, katika beseni la buluu. Jina hakulitaja, wala hakuwa na haja ya kulitaja. Stendi nzima ilikuwa na beseni moja tu la buluu, nalo lilikuwa la mjane Araba Tekyiwa. Kufika Jumatano, mabonge yake ya dokono, ule ugali wa mahindi uliochachushwa, yalikuwa yakirudi nyumbani kama yalivyotoka, yangali katika maganda ya mahindi, naye akiyala mwenyewe asubuhi na jioni. Ijumaa, mpwa wake aliyekuwa fundi umeme Accra akatuma ujumbe: kanisa litashtakiwa kwa kashfa.

Hapo ndipo Roho, aliyekuwa mwepesi wa kunena kila Jumapili, alipomnyamazia nabii. Na nabii akamwita Annobil.

“Papa Annobil, wewe ndiwe mtu wa sheria. Hii hatari tuizibe leo leo.”

“Ni rahisi, Osofo,” Annobil alimjibu mchungaji wake. “Jumapili hii, kwa vipaza sauti vile vile, useme ulikosea. Kisha tuchukue chupa ya schnapps ya kuombea radhi tuwaendee wazee wa ukoo wake. Wakiipokea, kesi imekufa.”

“Niseme nilikosea?” Bentsil alicheka, meno yote nje. “Mbele ya watu mia nane? Si afadhali nikauze nyanya!”

“Halafu pombe tena!” alidakia Quainoo, mzee wa kanisa mwenye duka la dawa, ambaye hakuwahi kuwa na wazo bila kulipigia kelele. “Sisi tunataka fomu, Papa. Makanisa makubwa yote yana fomu. Bibi anatia dole gumba kwamba amesamehe, kwisha. Mhuri si tunao?”

“Fomu haitamrudishia wateja.”

“Ushauri wako tumeusikia,” alisema nabii. “Wewe piga chapa tu.”

Annobil alikuwa amewaona wezi wa mbuzi wakijitetea kwa akili zaidi ya hiyo. Alivaa miwani, akaivuta taipureta, akaandika neno kwa neno kama walivyomsomea, huku wakinyang’anyana sentensi kama kuku na funza: Mimi, Araba Tekyiwa, niliyetangazwa na Nabii Ato Bentsil mbele ya waumini wapatao mia nane kuwa mchawi, hali hana ushahidi ila maono yake, ninamsamehe. Mwishoni akaongeza yale ambayo karani yeyote huyaongeza: tarehe, mahali, nafasi za mashahidi, na nakala ya pili kwa ajili ya upande wa pili.

“Mmeisoma?” aliuliza.

“Tumeisoma.”

“Na mnataka kutia sahihi ninyi kwanza, kabla yake?”

“Papa,” alisema Quainoo, “umezeeka mpaka unaogopa wino?”

Nabii akatia sahihi nakala zote mbili kwa wino wa zambarau, sahihi yenye mkia mrefu kama wa tausi. Quainoo akashuhudia, akagonga mhuri mara tatu, ingawa mara moja ingetosha.

Tekyiwa aliwapokea uani, akawapa maji, akamtaka Annobil amsomee. Alisikiliza hadi mwisho bila kupepesa macho.

“Kaka Kobina, hiyo karatasi inasema mimi si mchawi?”

“Haisemi, Maame.”

“Basi dole langu litabaki mkononi mwangu.”

“Maame, hiki ni kitu kidogo tu,” Bentsil alibembeleza.

“Kama ni kidogo, Osofo, mbona mmekuja watatu?”

Annobil aliweka nakala moja juu ya kinu. “Hii ni yako, utie dole au usitie,” alisema. Hakuna aliyemzuia, walikuwa wakishughulika kukasirika.

Wiki mbili baadaye ikaja barua ya wakili. Haikudai mengi. Ilisema kwamba mteja wake anayo hati yenye sahihi ya nabii na mhuri wa kanisa, inayokiri kilichosemwa, mbele ya wangapi, na bila ushahidi wowote. Na kwamba mama huyo ataridhika na mambo mawili: kauli kwa vipaza sauti vile vile, na chupa ya schnapps.

“Ulijua!” Quainoo alifoka.

“Nilishauri. Mkasema nipige chapa.”

Jumapili Bentsil aliisoma kauli ile kwa sauti ya mgonjwa wa koo, akitumaini isivuke mlango. Annobil, aliyekuwa amejiketisha kando ya mitambo kabla ya ibada, alizungusha kitufe hadi mwisho. Neno “nilikosea” lilikwenda hadi stendi, na watu wakaacha kupakia mizigo. Alasiri ile wazee wa ukoo waliipokea chupa iliyobebwa na Quainoo, aliyeishika kama anayebeba nyoka.

Jumatatu asubuhi Annobil alikuta foleni fupi mbele ya beseni la buluu. Akasimama nyuma ya wengine.

“Kaka Kobina,” alisema Tekyiwa zamu yake ilipofika, “lile kanisa lenu bado lina mhuri?”

“Bado.”

“Poleni.” Akamfungulia bonge la moto, akampakulia samaki. “Pilipili nikuwekee nyingi?”