Mvua Ilinikuta Nikifundisha Nadhiri

Jumapili hiyo, kanisani Mukuyuni, niliwafundisha washirika kwamba neno la Kiingereza "devotion" lilitoka Kilatini, na mzizi wake ni nadhiri. Nikajidai kweli: "Ibada bila ahadi iliyotimizwa ni kelele tu!" Wakaitikia amina.

Papo hapo mvua tuliyoingoja miezi mingi ikapiga mabati. Watu wakashangilia. Mama yangu, aliyeketi mbele, akafunga Biblia, akajitanda leso na kukimbia nyumbani kutega mabeseni. Tangi lake lilikuwa tupu. Gata za kuliletea maji ya paa, nilizoahidi kumfungia tangu msimu uliopita, zilikuwa bado kwangu, nimezifunika gunia.

Nami, mjinga, nikapaza sauti mvua isinishinde, nikaendelea kufundisha.