Kikao Ambacho Sikukiita

Nimekosa mimi. Si ukoo, si madaktari, si ile mashine. Mimi! Hata hapa naandika, nainuka, nazunguka uani, narudi tena.

Mke wangu, Mama Neema, aliumwa mgongo miaka, hadi mguu wa kushoto ukaanza kufa ganzi. Binti yetu Neema, anayefanya biashara Tunduma, akampeleka kwa wataalamu mji wa mbali. Wakasema pingili imeteleza, inabana mishipa ya fahamu. Watapitia matundu madogo tu, roboti likimwongoza daktari pa kukaza skrubu za kushikilia pingili. Wakaonya tusichelewe.

"Roboti limkate mke wangu?" nikafoka.

"Baba, anayepasua ni daktari! Mbona unaliogopa kuliko mgonjwa mwenyewe?"

Mama Neema akacheka. "Liache lije. Halitanichosha kama ulivyonichosha wewe, Baba Neema."

Kwetu Mbozi mgonjwa hapasuliwi kabla ukoo haujakaa, na mkubwa wa kuuita ni mimi. Nikaahidi Jumapili, baada ya ibada.

Sikuita! Roboti lilikuwa kisingizio. Kahawa ilikuwa imeiva. Nani angesimamia wachumaji, nani angenipikia? Jumatatu nikamwambia mke wangu, "Ukoo umekataa." Akainamisha kichwa, akaenda jikoni kunipikia.

Wiki tatu baadaye akaamka hawezi kuzuia mkojo, miguu yote haimbebi. Tukamkimbiza hospitali! Upasuaji ulikwenda vizuri, lakini daktari hakunificha: mishipa ilibanwa muda mrefu mno, hana hakika kama atatembea tena.

Tuliporudi nyumbani, mdogo wangu akaja kumwona. Mke wangu akamuuliza kwa upole, "Shemeji, mbona mlinikatalia?"

"Tulikataa nini? Hatukuitwa kikao chochote!"

Wote wawili wakanigeukia. Ee Mungu wangu, nilitamani ardhi inimeze!

Hajanitukana hata mara moja. Afadhali angenitukana! Namwogesha, namgeuza, yeye anatazama ukutani. Juzi nilimuuliza kama atakunywa uji. Akajibu, "Kaulize ukoo."

Wanaume wenzangu, msifiche ubinafsi wenu nyuma ya wazee. Mkeo akiambiwa asichelewe, mwache aende, hata kahawa iozee mtini. Mimi nilivuna yote msimu ule. Leo mke wangu hawezi kufika hata mlangoni.