Miti Chini ya Daraja

Nakumbuka asubuhi moja ya miaka ile ya Uhuru, bendera ikiwa bado mpya, mume wangu Makokha ameshika kipande cha nduma bila kukila. Alikuwa seremala. Yeye na wenzake ndio waliosimamisha miti chini ya daraja letu la harambee, kwenye mto unaoshuka kutoka msitu wa Buyangu. Juu ya miti hiyo zege lilikuwa limemwagwa, na zege, mwanangu, hushika polepole. Kabla halijashika, daraja halijibebi. Linabebwa na miti.

Lakini mgeni wa heshima alikuwa anakuja kukata utepe, na kamati ikaona aibu, ikaagiza miti itolewe. Siku hizo, kwetu, nyumba ikiegemezwa miti kila mpita njia alijua kwamba mwenyewe hana kijana wa kumjengea. Mwenyekiti akasema hataki mgeni adhani tumejenga nyumba ya mjane. Msimamizi wa kazi aliwasihi wangoje. Wakamwambia asiwaharibie siku.

"Zege bado ni bichi," Makokha aliniambia.

"Basi usiende."

"Nisipoenda mimi, wataenda wasiojua mti upi utolewe mwisho."

Akachukua nyundo, akatoka. Sikumsindikiza hata mlangoni, maana nilikuwa nimekasirika, na mlango ule bado nauona.

Kabla ya adhuhuri tukasikia mshindo mtoni. Wenzake walirukia majini wakaokoka. Yeye alikuwa katikati, kwenye mti wa mwisho. Basi ule ujane ambao mwenyekiti aliuonea haya, ukaja kukaa kwangu.

Baada ya mazishi wanawake wa jirani walinijia. Huyu anateka maji, huyu anasonga obusuma, ugali wetu, mwingine anakaa tu kimya karibu nami. Nilikuwa kijana, na kichwa kigumu hasa. Sikutaka kuonekana mtu wa kushikiliwa. Nikawaambia nimeshapoa, warudi makwao. Waliaga wakaenda.

Mama mkwe akawakuta njiani. Alikuja akasimama mbele yangu, yeye aliyekuwa ametoka kumzika mwanawe, wala hakukaa.

"Mwanangu amekufa kwa sababu watu waliona aibu ya miti," alisema. "Na wewe unang'oa ya kwako?"

Akaelekeza kidole njiani, walikokwenda wale wanawake.

"Hao wanakujanga si kwa kukudharau. Wewe bado mbichi."

Kesho yake nilipita nyumba kwa nyumba kuwaomba warudi. Baadhi walirudi. Wengine hawakurudi, na siwalaumu, maana mtu ukishamtoa nyumbani kwako hana deni la kuja tena. Nisikudanganye, jioni zangu nyingi zimekuwa ndefu. Redio inasema, mimi naijibu, na chai napika ya watu wawili kwa mazoea.

Nakusimulia haya kwa sababu tangu umzike mkeo, kila nikipiga simu unaniambia, "Niko sawa, mama." Nimesikia pia umemrudisha shemeji yako kwao Butere, yule aliyekuja kukusaidia kulea watoto. Mwanangu, maneno hayo nayajua. Niliyasema mimi kabla yako.

Usione haya kushikiliwa wakati bado unashika. Jirani akileta uji, pokea. Akitaka kukaa bila kuzungumza, mpe kiti. Wala asikuharakishe mtu kwa kuwa wageni wanatazama. Wageni watakata utepe waende zao, na wewe ndiwe utakayebaki na uzito. Siku yako ikifika utaihisi mwenyewe. Hapo ndipo utawaachia waende, mmoja mmoja, taratibu.

Mungu akuwekee watu wasiochoka mapema. Awakuze wanao, akurudishie usingizi. Nami kesho napanda basi la asubuhi. Nikibisha hodi, usiniambie uko sawa. Nifungulie tu.