Wake Wenza Wanunua Gari

Mzee Mrisho alipofariki, sisi majirani zake wa Kitangari tulingoja kuona wake zake wawili wakigawana sufuria. Tulingoja bure. Eda ilipokwisha, Anifa, mke mkubwa, alikihamishia kitanda chake nyumbani kwa Stamili, mke mdogo, akisema paa lake linavuja. Paa lilizibwa mwezi uliofuata, lakini kitanda hakikurudi.

Watoto wao walikuwa wameshaoa na kuolewa. Wenyewe walibaki na mikorosho, na kazi yao ya mwaka mzima: Anifa alifinyanga vyungu, Stamili akavipeleka kuuza Masasi. Vyungu vya Anifa vilikuwa vyepesi, vina mdomo mpana, na maji yalikaa ndani yake baridi hata Oktoba. Shida ilikuwa njia. Vilifungwa juu ya basi pamoja na magunia na majogoo, na katika vyungu ishirini vikifika kumi na tatu vizima, Stamili alishukuru Mungu. Watu walimtania Anifa kwamba mfinyanzi hulia gaeni. Yeye akawajibu kwamba kula gaeni anakubali, ila kuuza magae hapana.

Msimu wa mwaka tisini na tisa wanunuzi binafsi walikuja hadi uani kwetu wakigombea korosho, na bei ikapanda kuliko tulivyowahi kuona. Watu wakanunua mabati, wakanunua baiskeli, wengine wakaongeza wake. Siku moja Anifa, akiwa na udongo hadi kwenye viwiko, alimwambia Stamili kwamba wao wanunue gari.

Stamili hakucheka. Aliingia ndani, akafungua sanduku lake, akatoka na kijitabu kilicholiwa kona na mende. Ilikuwa leseni ya udereva. Kumbe usichana wake, akiwa Jeshi la Kujenga Taifa, alikuwa akiendesha lori la mawe, na kwa zaidi ya miaka ishirini hakumwambia mtu ila mumewe. Marehemu Mrisho alilijua jambo hilo na hakupenda litajwe, maana yeye mwenyewe baiskeli ilimshinda.

"Mke mwenzangu," Anifa alimwambia, "umekaa na lori moyoni miaka yote hii, na mimi nakutuma kisimani kwa miguu?"

Habari ikaenea, na ushauri ukaja. Shemeji yao Abdulkadiri aliwataka wanunue pikapu, lakini bei ya pikapu ilihitaji misimu mitatu kama ule. Wengine walisema wajane wenye heshima hupanda gari refu lenye vioo vyeusi. Anifa alimsikiliza kila mtu. Kisha alichukua kamba, akaizungusha kwenye tumbo la chungu chake kikubwa kuliko vyote, akapiga fundo pale kipimo kilipoishia, akaifunga kwenye pindo la khanga. Gari lolote ambalo mlango wake hautakipitisha kipimo kile, alisema, halimfai.

Baada ya Stamili kwenda Mtwara kuihuisha leseni yake, walipanda basi la Masasi na vyungu kumi na kimoja. Vilifika vinane.

Mwenye magari aliitwa Sadallah, kijana nadhifu wa suruali yenye mstari, aliyekuwa akileta magari ya Japani yaliyokwisha tumika. Tuliyaita mapya, kwa kuwa kwetu yalikuwa mapya. Alikuwa nayo matatu. Aliwaamkia shikamoo, wakaitikia, akawapeleka moja kwa moja kwenye lile refu jeupe, akawafungulia mlango, akawasifia viti na kiyoyozi. Anifa alizunguka nyuma na kumwomba afungue buti. Buti lilifunguka, akaitoa kamba. Mdomo wa buti ulikuwa mwembamba kuliko kipimo cha kamba. Akalifunga mwenyewe kwa upole, akauliza la pili.

La pili lilikuwa jekundu, fupi, lina mlango wa nyuma unaonyanyuka wote pamoja na kioo. Kamba ilipita. Lakini milango ya ubavuni ilikuwa miwili tu, na aliyetaka kukaa nyuma ilimbidi apite kwa kukunja kiti cha mbele. Anifa hakuwa mwanamke mwembamba. Aliingia vizuri, kutoka ndiko kulikokataa. Alikwama nusu ndani nusu nje, akaanza kucheka, na kadiri alivyocheka ndivyo alivyozidi kukwama, hata Stamili aliyekuwa akimvuta mikono akaishiwa nguvu kwa kicheko, akakaa chini mchangani. Sadallah alishika mdomo wake. Alitaka kuwa na heshima, ikamshinda.

La tatu lilikuwa Toyota Staleti ya kijani, milango minne na ule wa nyuma wa tano. Kiti cha nyuma kililala vipande viwili: ungeweza kulaza kimoja na kuacha kimoja cha mtu. Kamba ilipita na nafasi ikabaki. Wakatandika nyasi, wakapanga vyungu saba, na cha nane, kile kikubwa, kikakosa pa kukaa.

"Utakipakata wewe, mwanangu," Anifa alimwambia Sadallah. "Tunakwenda Lukuledi kulijaribu."

Sadallah alisema kwa kawaida watu huzunguka tu hapo karibu na stendi. Stamili alikuwa ameshakaa kwenye usukani.

Lilimzimikia mara mbili. Mara ya tatu aliachia klachi polepole, na likaondoka. Anifa aliniambia kwamba alimjua mke mwenzake katika furaha na katika msiba, lakini uso ule hakuwahi kuuona. Alikaa wima kama askari, kidevu juu, akibadili gia na kuyakwepa mashimo kama mtu anayecheza ngoma aliyozaliwa nayo. Kwenye redio kulikuwa na kanda iliyosahauliwa na mwenyewe wa kwanza. Anifa alipobonyeza, mwanamke wa Kijapani akaanza kuimba kwa sauti nyembamba, na Anifa akawa anamwitikia kwa Kimakonde, maneno yasiyohusiana kabisa. Nyuma, Sadallah amekumbatia chungu kama mkwe aliyekabidhiwa zawadi, suruali yake nyekundu kwa vumbi la udongo.

Karibu na misheni ya Lukuledi walisimama kukagua. Anifa aliunyanyua ule mlango wa nyuma: vyungu vinane, hakuna hata ufa. Alipiga kigelegele kimoja kirefu. Wanawake waliokuwa wakitoka kusaga mahindi walikuja kuona kuna nini, wakakuta mlango umesimama juu kama kibanda na vyungu vimepangwa kivulini mwake. Mmoja, Cecilia, akauliza bei. Kabla Anifa hajafungua mdomo, Sadallah aliitaja yeye, bei ya juu kuliko Anifa angethubutu, kisha akaanza kuelezea wepesi wa chungu, na ubaridi wa maji ambayo hajawahi kuyanywa. Damu ya biashara ilikuwa imempanda. Vyote vinane vilikwisha jua halijasogea, na Cecilia akachukua viwili.

Njiani kurudi Sadallah alicheka peke yake hadi Masasi. Bei ya gari ilikuwa imewazidi kidogo, na Anifa alimwambia hivyo bila kuzungukazunguka. Sadallah akafikiri, akasema mama yake ana hoteli ya chakula pale mjini na kila siku analalamikia maji ya moto. Basi kilichopungua alipwe kwa mitungi kumi na miwili. Wakapeana mikono.

Walirudi siku hiyohiyo. Kwenye mlima wa kupandia Newala, mahali ambapo basi hushusha abiria ili lipande, Stamili aliweka gia ya kwanza na hakumshusha mtu, maana hakukuwa na wa kumshusha ila Anifa, na Anifa alikuwa amefungua kioo anawapungia wabeba maji. Waliingia Kitangari kwa honi. Tulitoka wote. Wazee walilipapasa kama ng'ombe, na Abdulkadiri alikagua tairi moja moja, akatamka kwamba kwa pikapu si pikapu, lakini limefaa.

Mitungi kumi na miwili ilifika Masasi mwezi uliofuata, mizima. Baada ya hapo Stamili akawa anashuka kila Alhamisi, na kila Alhamisi watu wa Lukuledi wakawa wanaulizana kama lile la kijani limeonekana.

Kabla mwaka haujaisha Anifa naye alitaka kujifunza. Alikuwa na miaka sitini na moja. Stamili alimpeleka uwanja wa mpira asubuhi, nasi tukafuata kutazama, akamfundisha kuwasha na kuondoka, akashuka ili amwangalie kwa mbali. Anifa akaondoka vizuri sana. Akazunguka goli la huku, akazunguka goli la kule, akatupita akicheka, shuka ya kiti ikipeperuka dirishani, na ndipo Stamili alipokumbuka kwamba somo la kusimama hawajafika. Akavua kandambili, akashika pindo la khanga, akaanza kukimbia sambamba na dirisha.

"Mguu wa kulia, dada! Kanyaga cha katikati!"

"Nakusikia," Anifa alijibu. "Ngoja nimalize huu mzunguko."